Kichaka Kisichoguswa na Kuku

Kijana wa kuuza miche alinishikisha jani, akaniambia ninuse polepole, kama mtu anayeuza manukato. "Hii si ya kila mtu, madam. Ni ya asili, ya hapa hapa kwetu, lakini watu hawaijui. Wote wanakuja kunililia haidrenja."

Nililisugua lile jani kati ya vidole. Harufu ikapanda, chungu, katikati ya dawa ya minyoo na shuka la mgonjwa, na mfupa wa bega langu la kushoto ukaanza kuuma pale ulipounga vibaya.

Akataja bei. Mimi nimebishana bei tangu kichwa changu hakijafika kiunoni mwa mteja, na sijawahi kuacha bei ya kwanza ilale kitanda kimoja nami. Siku hiyo nilimrudishia kikopo chake nikaondoka. Aliniita, akashusha. Akaniita tena, akashusha tena. Maskini, alidhani ni mbinu.

Nilikuwa nimetoka kumzika Mama. Nyumbani kwetu magharibi, kuku wa shangazi yangu walianza kuparua tuta lake kabla hata turubai za matanga hazijakunjwa. Nikawaambia watu wa boma kwamba naujua mmea ambao kuku hawausogelei, na nitauleta. Ndiyo maana nilikuwa pale kwa yule kijana. Kile kichaka cha Mama nilidhani kimeshaliwa na barabara.

Wa umri wangu mtakumbuka jinsi mtoto anavyojumlisha mambo ya watu wazima: anachukua kila anachokiona, anaweka pamoja, na jibu analopata halimwambii mtu. Langu nililibeba karibu miaka miwili.

Mama alikuwa na nasari ya miche pembeni mwa barabara, juu ya Kibera, pale magari ya kwenda Lavington na Karen yanapolazimika kupunguza mwendo. Hatukuwa na ua wala paa, ila mistari ya makopo na makaratasi meusi ya miche, pipa la maji, na Mama ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Wateja walitaka haidrenja, yale maua yenye vichwa kama kabeji, yanayokunywa maji kama ng'ombe na kuzirai jua likichomoza. Mama aliyauza, lakini hakuyaheshimu. Alichokiheshimu ni kichaka alichokuja nacho kutoka kwa nyanya yangu, kijiti kilichofungwa ndani ya kitambaa kibichi. Nyanya alikiita shisilangokho, na jina lenyewe linataja jinsi kuku wanavyokikataa. Ua lake ukiliangalia vizuri ni kipepeo: petali nne za buluu iliyopauka, ya tano ya chini imekolea kama wino, na nyuzi ndefu zimepinda mbele kama pembe za mdudu. Matajiri walipita mbele yake bila kugeuka. Kuku wa Laini Saba, mtaa wa chini yetu, walikuja kuparua miche, wakafika kwenye kichaka, wakakunja shingo na kurudi.

"Haidrenja ni mgeni wa heshima," Mama alimwambia mteja. "Utamlisha na kumnywesha mpaka uchoke. Hiki ni mtu wa nyumbani. Ukienda safari utakikuta."

"Lakini kinanuka."

"Hata wewe ukikatwa utanuka."

Hakuuza vingi kwa maneno hayo.

Tulikaa Lindi, humo humo Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati. Baba alikuwa fundi wa mawe, mtu mrefu, nadhifu, mwenye mshipi wa ngozi uliofungwa kwa chuma kizito chenye kichwa cha fahali. Watu wakisikia habari kama hizi huuliza kama alikuwa mlevi, wapate mahali pa kuweka lawama. Baba alikunywa chai. Alitupiga akiwa na akili zake zote, kisha akauingiza mshipi kwenye vitanzi vya suruali, kitanzi kwa kitanzi, bila kuruka hata kimoja. Mpaka leo nikimwona mwanamume anafunga mshipi kwa utulivu natafuta mlango uko wapi.

Jumapili moja mchana aliweka kikombe chini akasema, "Nimeongea na mtu. Anataka kuweka pa kuoshea magari. Kesho utoe makopo yako pale."

"Pale wapi?" Mama akauliza.

"Pale pako."

"Umeuza?"

"Nimeuza."

"Barabara ya serikali umeuza wewe. Umeandikiwa na nani?"

"Wewe ni mke wa nani?"

"Wako."

"Basi pale ni pa nani?"

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama cha mtu aliyetajiwa bei ya kichaa sokoni. Baba akasimama, akavuta mshipi.

Nilikuwa chini ya kitanda kabla haujatoka wote. Kutoka pale niliona miguu tu, na miguu inasema mengi. Ya Baba ilipandwa imara kama ya mtu anayepasua jiwe. Ya Mama ilirudi nyuma, ikagonga jiko, ikarudi tena. Safari hii aligeuza mshipi, akapiga kwa upande wa chuma. Nilisikia fahali akipata mfupa. Damu ikadondoka sakafuni kwanza matone, kisha uzi. Mama akaanguka kwa magoti na uso wake ukawa sawa na wangu, jicho moja limefunikwa na nyusi iliyochanika ikaning'inia. Aliniona. Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze, kisha mkono wake ukaingia chini ya kitanda karibu na sikio langu, ukachukua jembe fupi la kupalilia.

Sauti ya pigo haikuwa kubwa. Ilikuwa kama boga linalopasuliwa nyumba ya pili. Miguu ya Baba ikasahau ilikuwa inafanya nini. Akaketi. Halafu Mama akapiga tena, begani, na tena, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, mkono wa mtu ulikuwa umenishika kisigino unanivuta nje kama paka.

Alikuwa Bi Zainabu, mwenye nyumba wetu, Mnubi wa Kambi Muru, mwanamke mzito aliyenukia udi hata akiwa amekasirika. Alinifunika kwa mtandio wake nisione, lakini kizingiti nilikiona. Kilikuwa chekundu.

Nililala kwake siku kadhaa. Alinisuka nywele barazani, akivuta kwa nguvu kama mtu anayeshona gunia, na kila mtu aliyepita alimwuliza kama ni kweli wanakuja kubomoa. "Waje," alisema. "Mababu zangu walikuwa askari. Walipewa msitu huu kwa mdomo, bila karatasi. Tangu nizaliwe naona nyumba zinaangushwa. Ila sijaona mtu anaangusha kaburi. Wakifika pale wanazunguka." Akanigeuza kichwa. "Umesikia, wewe? Nyumba ni maneno. Kaburi ni hati."

Nilisikia. Nilisikia kuliko alivyokusudia.

Nilipoletwa nyumbani, sakafu ilikuwa imekandikwa udongo mpya. Baba hayupo. Msumari wa kutundikia mshipi hauna mshipi. Mama, kichwa kimefungwa kitambaa, alinishika mkono tukapanda barabarani, na kule, katikati ya makopo, palikuwa na tuta. Refu kama mtu aliyelala, limezungushiwa mawe, na juu yake kile kichaka cha nyanya, kimehamishwa kutoka kwenye debe lake na kukatwa mpaka kubaki vijiti. Viganja vya Mama vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka.

"Baba yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda."

"Atarudi?"

Mama aliangalia tuta. "Akirudi atanikuta hapa."

Nikahesabu. Mtu mmoja amepungua, mshipi mmoja umepungua, tuta moja limeongezeka. Mama mwenyewe alinifundisha kuhesabu miche mara mbili, kwanza kwa macho kisha kwa mkono, kwa hiyo nikarudia. Hesabu ikakubali.

Nisiseme uongo kwamba niliogopa. Nilitulia. Nilimwagilia lile tuta kila siku baada ya shule, nikihakikisha sikanyagi upande niliodhani ni wa kichwa. Nilimsomea Baba ripoti yangu ya shule kwa sauti ya chini, nikiruka alama za Kiswahili. Nilimweleza kwamba usaha umeisha kwenye nyusi ya Mama. Chini kule alikuwa baba mzuri: alisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa na mikono. Mvua ilipokuja kichaka kilichipua kwa hasira, matawi marefu, na maua mengi kuliko miaka yote. Niliona ni jambo la kawaida. Nilijua kinakula nini.

Mtu wa kuoshea magari hakusahau alichonunua. Baada ya kungoja sana alituma vijana. Walikuja asubuhi, rungu na vyuma mkononi, wakiongozwa na mmoja aliyeitwa Supuu, mnene, asiye na meno ya mbele. Hawakusalimu. Walianza na haidrenja. Walizipiga kama watu wanaochezea mpira wa makaratasi, vichwa vya waridi na buluu vikiruka barabarani na kupita chini ya magurudumu. Mama alimkamata mmoja kwa shati akapigwa ngumi ya tumbo, akaketi juu ya makopo. Pipa la maji likatobolewa. Mmoja akavunja mtungi aliokuwa akikalia Mama, bila sababu yoyote. Nadhani aliupenda mlio wake.

Halafu Supuu akachukua jembe letu wenyewe akaelekea kwenye tuta.

Nikapanda juu. Sikupanga. Nilisimama katikati ya matawi, ile harufu chungu imenizunguka kila mahali.

"We kasichana, shuka," Supuu akasema.

"Hapana."

"Nitakulima na wewe."

"Utamwamsha Baba."

Jembe likasimama hewani. Supuu alikuwa wa kutoka kwetu magharibi. Nilikuwa nimesikia anavyotamka. Akaangalia urefu wa tuta. Akaangalia mawe, kichaka, tena mawe.

"Kwani nani analala hapo?"

"Baba."

"Alikufa na nini?"

Hapo ndipo jibu langu la siku zote lilipotoka, la kwanza na la mwisho. Nikanyoosha kidole. "Mama alimuua. Na hilo jembe dogo hapo."

Vyuma vya wale vijana vikashuka. Wote wakamgeukia Mama. Alikuwa bado chini, mdogo kama alivyokuwa siku zote, ameshika tumbo, na nyusi yake ile iliyounga vibaya ilimpa jicho moja la kuuliza na jingine la kujibu.

"Mathe," Supuu akasema, na sauti yake sasa ilikuwa na adabu, "ni ukweli?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, muda mrefu, na niliona kitu kinapita usoni mwake ambacho nilikichukua kuwa hasira kwa sababu nimetoa siri. Ni baadaye sana nilipojua ni nini. Alikuwa ameng'amua kwamba mwanawe aliishi na muuaji muda wote ule, akala chakula chake, akalala mgongoni mwake, na hakuwahi kuogopa. Ndipo akajikokota akasimama.

"Unaniuliza mimi kwa nini?" akamwambia Supuu. "Jembe si unalo? Chimba umuulize mwenyewe."

Supuu aliweka jembe chini taratibu, kama kitu cha kuazima. Walipoondoka hawakukimbia, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Tulikusanya makopo, mimi na Mama. Aliniuliza tu, mwishoni, "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipopanda."

Akatikisa kichwa. Akanipangusa udongo miguuni kwa upande wa kanga. Hakunirekebisha. Nikiwa mtu mzima nilimwuliza mbona aliniacha niamini hivyo, akasema, "Ningekuambia yuko hai ungekaa unaangalia barabara."

Lakini yeye aliiangalia. Kwa sababu alijua mahali Baba alipo: Kawangware, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, kwa mwanamke mwingine aliyemshona kichwa kwa uzi wa magunia. Na habari hutembea haraka kuliko mtu. Supuu aliieleza Laini Saba, Laini Saba ikaieleza soko, na soko likaipeleka Kawangware, kwamba kule juu ya Kibera kuna mwanamke mdogo aliyemuua mume wake fundi wa mawe akampandia maua. Baba aliisikia akiwa anakunywa chai. Watu aliokuwa nao mezani wakaanza kumwita Marehemu. Walimwuliza kama huko ahera kuna kazi za mjengo. Alipotafuta kazi wakamwambia, sisi hatuajiri mizimu, hawalipiwi bima. Angevumilia kicheko. Lakini kwetu, kaburi la mtu aliye hai si mzaha wa mezani. Shimo likishakuwa na jina haliachwi tupu. Mtu akizama ziwani mwili usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake na watu wanaulilia kikweli, ili ardhi ifunge mdomo. Ardhi ambayo haijapewa hungoja. Baba alilelewa na maneno hayo kama mimi nilivyolelewa na mshipi wake.

Akaja mchana wa jua kali, na Supuu nyuma yake. Yule mnunuzi alikuwa amewatuma wote wawili: mmoja aliyeuza, na mmoja aliyeshindwa kuchukua.

Nilikuwa nikijaza udongo kwenye makaratasi. Niliinua macho nikamwona Baba yangu anavuka barabara akiwa na panga na jembe refu, kovu limepita kichwani kama njia ya panya, na jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kuangalia tuta kama limefunguka.

"Ee, marehemu amekuja kujichimbua," Supuu akasema, lakini hakucheka vizuri.

Baba hakusalimu mtu. Mama aliposimama mbele yake alimpiga kofi la nyuma ya mkono lililomwangusha kando. Akaanza kukata kichaka. Panga lilishuka, matawi yakaruka, vipepeo vya buluu vikaanguka juu ya mawe, na ile harufu ikawa nzito mpaka macho yakachoma. Alikata akilia. Hilo silisemi kwa kumhurumia, nasema nilichoona. Alipokwisha kukata akatupa panga akashika jembe.

Nami nikapanda tena juu ya tuta. Mnisamehe, mahali pale palikuwa pamewahi kunilinda.

"Wewe hauko hapa," nikamwambia. "Wewe uko chini."

Alinipiga kwa mpini. Mfupa wa bega niliusikia kabla sijauhisi, mlio mkavu, kama kijiti cha kupanda kinachovunjwa. Nikaanguka katikati ya matawi yaliyokatwa.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Supuu. Mtu aliyekuja kutubomolea ndiye aliyempiga Baba teke la nyuma ya goti. "Katoto, buda? Katoto unapiga na jembe?" Halafu wakaja wengine, wale wa makaa, wa mahindi ya kuchoma, wapita njia wasiojua hata kisa, kwa sababu Nairobi mtu akiwa chini kisa hutafutwa baadaye. Jiwe likampata mdomoni. Mtu akakanyaga vidole vilivyokuwa vimeshika mpini. Walimpindua akalala chali juu ya tuta, kati ya mawe, na akatosha. Hilo nililiona hata kwa maumivu yangu: urefu ulikuwa wake kabisa. Mwanamke mmoja alikuwa akimpiga kwa kiatu usoni, pole pole, bila kuchoka, na kila pigo alitaja jina la mwanamume mwingine. Kutoka kwa fundi wa magurudumu ng'ambo, tairi kuukuu la kumchomea likaanza kubingirishwa.

Mama aliingia katikati yao akiwa ametema jino. Alijilaza nusu juu ya Baba, si kwa mapenzi, kwa jinsi mtu anavyolala juu ya bidhaa wakati wa msukosuko.

"Msimuulie hapa," akasema. "Mkimuulia hapa nitakaa naye maisha yangu yote. Nani kati yenu atakuja kumwagilia?"

Mtu akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwokoa. Mikono ikashuka. Tairi likaanguka ubavu.

Ndipo Mama akaanza kuuza. Siwezi kuieleza vingine. Alimwinamia Baba sikioni, lakini akasema kwa sauti ya soko, watu wasikie.

"Unataka kuchimba? Chimba. Hakuna mtu humo, wewe unajua. Lakini ukilifungua mbele ya watu hawa wote, litakuwa kaburi lako, lenye jina lako, na tupu. Nani atalifunga?"

Baba alisema kitu, damu ikamziba.

"Mgomba?" Mama akasema. "Mgomba huliliwa na mke. Mke ni mimi, na mimi silii. Yule wa Kawangware si wa kwetu, hajui wimbo hata mmoja." Akangoja kidogo, kama anavyongoja mteja ahesabu mwenyewe kichwani. "Bei yangu ni hii. Wewe kaa hai kule. Mimi nitakaa mjane hapa. Nitalifunga hivi lilivyo, nilimwagilie, lisikuulizie. Siku utakayovuka hii barabara, mmoja wetu atakuwa mwongo, na nitalifungua mimi mwenyewe."

Baba alimtazama kwa jicho lililokuwa bado linafunguka. Hakubishana bei. Aliondoka akitambaa kwanza, kisha akiwa amejiinamia, na watu wakampisha. Supuu alimfuata kwa macho mpaka akapotea, akamgeukia Mama.

"Sasa nitamwambia nini yule wa kuosha magari?"

"Mwambie aliyemuuzia ni marehemu."

Bi Zainabu ndiye aliyenipeleka kwa mganga wa mifupa, na mfupa ukaunga alivyopenda mwenyewe. Nilipoweza kubeba kopo tena, vijiti vilivyobaki juu ya tuta vilikuwa vimechipua. Mama alisema kukatwa hakujawahi kukidhuru. Maua yake huja kwenye matawi mapya. Hakuna aliyekuja kudai pale tena. Magari yalioshwa kwingine. Wateja wakaanza kuuliza habari za kichaka, kwa minong'ono, na nilishangaa jinsi watu wa Lavington walivyolipa bila kubishana kwa mmea uliosemekana umemla mtu.

Baba bado yuko hai. Hakuja kumzika Mama, na sikumtarajia. Marehemu hahudhurii mazishi. Nasikia vijana wadogo wa Kawangware wanamwita Mzee Marehemu na hawajui ni kwa nini.

Baada ya kuachana na yule kijana wa miche nilipanda mpaka pale juu ya Kibera nikaangalie kwa macho, kisha kwa mkono. Barabara inapanuliwa. Nasari zote zimeondolewa. Kichaka kilikuwapo, kimezingirwa na vifusi, kimepakwa rangi nyekundu ya kung'olewa, na kimechanua. Mashine ilikuwa inachimba mita chache tu kando, na dereva wake alinipa muda wa kumaliza soda yake.

Nilichimba kuzunguka mizizi kwa jembe dogo la kupalilia, lile lile, nililolichukua kwa Mama baada ya mazishi. Udongo ulikuwa mweusi, mwepesi. Chini ya shina, mizizi ilikuwa imeshika kitu kwa pande zote kama ngumi. Niliifungua taratibu. Ngozi ilikuwa imeoza yote. Chuma hakikuwa kimeoza. Kilikuwa na kutu, mdomo wa fahali umeliwa, pembe moja imebaki.

Nilikaa nacho mkononi mpaka dereva akaanza kupiga honi. Kwa hiyo kaburi halikuwa tupu. Siku ile Mama alipomwambia Baba kaburi ni tupu, alikuwa mtu pekee pale barabarani aliyejua kilicho ndani, na akaiuza ile bei bila kope kutikisika. Nami mtoto, kwa hesabu yangu mbovu, nilikuwa nimekosea kidogo tu.

Nilikifunga kichaka kwa gunia bichi, nikakiweka kando kwa safari ya magharibi. Kile chuma nilikirudisha shimoni. Nikafukia, nikagandamiza kwa kisigino.

Dereva alitoa kichwa dirishani. Alikuwa kijana, na aliangalia tuta, urefu wake, na mawe, na uso wake ukabadilika kwa namna ninayoijua.

"Mama, kwani hapo kuna mtu?"

"Baba yangu."

Akazima mashine. Akavua kofia. "Pole. Hatukuambiwa. Nitawaambia tuzunguke."

"Hapana," nikasema. "Pitia juu yake. Pitia mara mbili."